Pumzi, Moyo na Neno Ki

Katika Kiswahili, ki ni kipande cha neno kisichoweza kusimama peke yake. Hutangulia jina la watu tukapata lugha yao, hutangulia mtoto akawa kitoto, na huingia katika kitenzi ikaleta sharti. Kwa Wajapani ki ni neno kamili, tena zito. Hali ya hewa wao huiita tenki, maradhi ni byoki, mwenye afya njema ni genki. Na humo mote ki imo. Imo pia katikati ya aikido, sanaa ya kupigana iliyoasisiwa na Ueshiba Morihei, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1969. Wafuasi wake husema kwamba ki ni nguvu ya ndani, ambayo aliyeijua hana haja ya misuli.

Mwalimu mmoja wa karate hapa Bagamoyo, mtu mwenye adabu zake, aliniletea kijitabu cha Kiingereza akaniomba nikitie katika Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wake. Wengi wao ni vijana wa bodaboda, wachuuzi wa samaki na walinzi wa usiku. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Neno moja hilo likanikalia kooni muda mrefu zaidi.

Nilianza na roho, nikaliacha, kwani hilo lina wenyewe msikitini na kanisani. Nguvu halifai, maana kijitabu chenyewe chasema kwamba ki hufanya kazi pale nguvu inapolegezwa. Upepo je? Pwani yetu mtu akiambiwa ana upepo, jamaa zake humtafuta mganga, wala hawatafuti mwalimu wa karate. Nikafikiri juu ya moyo. Mji huu wenyewe umeubeba moyo katika jina lake, na mpaka leo watu wanabishana: je, ni wapagazi waliobwaga mioyo yao kwa raha baada ya kutua pembe za ndovu, au ni watumwa walioiacha mioyo yao huku kabla ya kuvushwa bahari? Mpagazi wa safari za bara alichukua mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, kwa miezi kadhaa. Kama ipo elimu ya nguvu ya ndani katika mwambao huu, bila shaka yeye aliijua, ingawa hakuna aliyemwandikia kijitabu.

Mwishowe nikachagua pumzi. Sababu niliipata ufukweni.

Mashua ikipandishwa pwani juu ya magogo, utawaona vijana wenye vifua vipana wakivuta kwa mikono, mishipa ya shingo imewatutumka, na chombo hakisogei. Kisha huja mzee mmoja, nahodha wa zamani, akashika kamba nyuma yao, akaitoa sauti ya harambee. Wote huvuta pumzi pamoja, huitoa pamoja, na mashua hupanda. Nilimuuliza siri yake. Akaniambia, "Mwanangu, mkono ni ndoana tu. Anayevuta ni kiuno, na anayekiamrisha kiuno ni pumzi." Mjapani angesema kwamba mzee huyu anafanya kazi kutoka tanden, mahali chini ya kitovu panapodhaniwa kuwa makao ya ki. Nahodha hajapata kulisikia neno hilo.

Hapa basi jibu langu ni kwamba mambo haya yana ukweli. Limo katika kijitabu zoezi la mkono usiokunjika: unyoshe mkono, ulegeze bega, uwaze kwamba maji yanapita ndani yake na kutokea vidoleni mpaka ng'ambo ya pili, mwenzako ajaribu kuukunja. Tulijaribu uani kwangu, na kijana mwembamba kuliko wote akamshinda mwenye kifua. Hakuna muujiza. Anayejikaza hukaza misuli ya kunyosha na ya kukunja kwa pamoja, akawa anamsaidia adui yake. Anayewaza maji huiacha ya kukunja ilale. Mfano wa maji si kweli, lakini mwili huutii mfano upesi kuliko unavyotii maelezo ya daktari. Sisi washairi tusishangae. Mwenye kughani utenzi akiishiwa pumzi kabla ya kina, mizani zote nane hazimfai kitu, na aghalabu mwalimu wake hamweleza mapafu, humwambia tu, "Imba kama unayemwita mtu aliye chomboni."

Na Goju-ryu, mtindo wa karate ulioasisiwa na Miyagi Chojun wa Okinawa, una zoezi liitwalo Sanchin, linalotilia mkazo pumzi na kusimama. Mwalimu hupita akimpiga mwanafunzi kofi mabegani na tumboni, aone kama umbo limeshikamana. Nalo lina manufaa yake.

Lakini sura ya mwisho ya kijitabu yahusu kumwangusha mtu bila kumgusa. Mwalimu wetu anaiamini, nami nimewaona wanafunzi wake wakianguka chali, yeye yuko hatua tatu mbali. Hawakuwa wakidanganya. Aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo anajua jinsi mwili unavyoweza kulijua zamu lake kilingeni: ngoma ikibadilika, mwenye kiti huanguka, na kuanguka kwake ni kwa kweli. Tatizo ni mgeni asiye wa kilinge. Japani alikuwako mzee aitwaye Yanagi Ryuken, aliyekuwa akiwaangusha wafuasi wake makundi kwa makundi kwa kupunga mkono. Mwaka 2006 alikubali kupambana na mpiganaji asiye mwanafunzi wake. Alipunga, yule akaja akampiga ngumi usoni. Pambano lilikwisha upesi mno, na katika filamu yake mzee yule anaonekana ameduwaa kuliko alivyoumia. Naamini aliiamini nguvu yake.

Ueshiba naye alisimulia kwamba mwaka 1924, alipofuatana na kiongozi wake wa dini Deguchi Onisaburo kwenda Mongolia, aliziona risasi zikimjia kama mimuliko ya nuru, akazikwepa. Yawezekana ndivyo alivyoona. Ila msafara huo ulikamatwa na Wachina, wakapangwa tayari kuuawa, na kilichowaokoa ni ubalozi mdogo wa Japani kuingilia kati.

Sisi huku hatuwezi kuisoma habari ya risasi kwa wepesi huo. Kusini ya hapa, Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aligawa maji yaliyosemwa kwamba yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga mwezi Agosti 1905. Mwishoni mwa mwezi huohuo, huko Mahenge, watu waliivamia boma yenye bunduki za mtombo, wakaanguka kwa mamia. Vita na njaa iliyofuata viliwaua makumi ya maelfu, na wako wanahistoria wanaotaja hata laki mbili na zaidi. Ebrahim Hussein aliliweka suala hili jukwaani katika *Kinjeketile* mwaka 1969: maji yaliwaunganisha watu waliokuwa wametengana, na ni maji hayohayo yaliyowapeleka mbele ya bunduki. Najua wapo watakaosema kwamba imani yenyewe ilikuwa ndiyo silaha. Kwa umoja, naam. Kwa kifua cha mtu mmojammoja mbele ya risasi, la hasha.

Kwa hiyo katika sura ya pumzi niliandika pumzi kila mahali, bila kusita. Katika sura ya mwisho neno ki nililiacha vilevile, geni, na kila sentensi nikaitanguliza kwa inasemekana. Mwalimu alikuja kulalamika. "Mzee wangu," akasema, "neno hili litawatia shaka vijana." Nikamuuliza ni wangapi kati yao wanaolinda maduka usiku. Akahesabu kwa vidole: watano. Nikamuuliza wanapewa silaha gani. Akasema rungu na tochi. Nikamuuliza mwizi huja na nini.

Alinyamaza kitambo, akaomba maji ya kunywa. Tulikubaliana kwamba neno libaki, naye akaongeza kwa mkono wake, pembeni mwa ukurasa, sentensi moja ya kuwaelekeza walinzi wapulize filimbi kwanza.