Kipimo Bila Mzigo

Chombo kikiharibika, lawama huangukia sehemu inayoonekana. Redio ikinyamaza, watu husema spika imekufa. Monita ya kompyuta ikiwa giza, husema kioo kimekufa. Ile bodi ya umeme iliyofichwa nyuma, ambayo ndiyo inayolisha vyote, haina wa kuitaja.

Nilifundisha fizikia miaka mingi, na tangu nistaafu watu huniletea vyombo vyao kabla ya kuvitupa. Mwaka 2014 jirani yangu, mama anayejipatia riziki kwa kuchapa barua na mitihani kibandani kwake, aliniletea monita bapa. Ilikuwa ikiwaka sekunde mbili, picha ikaonekana, kisha giza.

"Shikamoo, Mwalimu. Fundi amesema kioo kimekufa, ninunue nyingine."

"Marahaba, mama. Fedha ya kununulia ipo?"

"Ipo ya ada ya mtoto," akajibu, akitazama chini.

Nilianza na tochi. Nilimulika kioo kwa upande kikiwa giza, na picha nikaiona, hafifu kama kivuli. Basi kioo kilikuwa kizima. Zilizozimika ni taa zinazokimulika kwa nyuma. Swali likawa moja: kwa nini taa hizo ziwake sekunde mbili tu?

Msomaji na ajue safari ya umeme ndani ya bodi hiyo. Umeme wa ukutani wa volti 230 hupita kwenye fyuzi na daiodi, ukajikusanya katika kapasita kubwa ukiwa umefikia volti 325 hivi. Kapasita hiyo yaweza kuushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa, nao unaweza kuua. Kutoka hapo transista huukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ndogo huupunguza, na kapasita ndogo hutuliza mawimbi yake kabla haujaenda kazini.

Nilipima mwisho wa safari hiyo. Taa zikiwa zimezimika, mita yangu ya sindano ilionyesha volti 15, sawasawa na maandishi ya kwenye bodi. Mtu anayeishia hapo huapa kwamba umeme ni mzima. Lakini nilipowasha monita na taa zikaanza kuvuta umeme, sindano ilianguka hadi 10, na bodi ikazizima taa ili kujikinga.

Nilichomoa waya, nikaumaliza umeme wa kapasita kubwa kwa balbu ya wati 60, nikapima kuhakikisha, ndipo nikagusa. Kapasita mbili ndogo zilikuwa zimevimba vichwa, zimekaa kando ya bati la kupozea lenye joto kali. Maji yaliyomo ndani yake hukauka kwa joto. Inakadiriwa kuwa kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri wa kapasita karibu maradufu. Niliweka mpya za kipimo kile kile, zinazohimili nyuzi 105, nikichunga upande wa hasi usigeuzwe. Bei ya zote mbili haikufikia sahani ya wali. Taa zikawaka, zikakaa, na ada ikaenda shuleni.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Walisema kweli, ila mimi nilibaki na wazo jingine. Zile kapasita hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimechoka, na uchovu wao haukuonekana mpaka zilipobebeshwa mzigo. Kipimo changu cha kwanza hakikuwa cha uongo. Kilikuwa kimeuliza swali jepesi mno.

Nadhani na sisi kwa sisi hupimana hivyo. "Hujambo?" "Sijambo." Hata mwenye homa hujibu sijambo, hata aliyelala bila kula. Tunasalimiana msibani, sokoni na mlangoni, kila mmoja akisoma kwa mwenzake volti 15 kamili, kisha tunaagana tumeridhika. Siku mtu akianguka tunashangaa na kusema jana tu alikuwa mzima.

Salamu ni njema, wala sisemi tuiache. Nasema tu kwamba baada ya sijambo inafaa kukaa kidogo, kuuliza mtu amebeba nini, na kungoja jibu la pili. Mara nyingi anayesaidiwa mapema huhitaji kitu kidogo sana.