Kabla hujamwambia jirani moja na moja na moja ni tatu

Mabibi harusi wengi wa visiwani siku hizi wanawafuata waume bara, Kahama, Katoro, Geita mjini, kwenye biashara za machimboni. Huko jirani yako atakuwa Mkristo, na siku moja mtazungumza Mungu.

Mimi nashona magauni ya harusi Geita, na wateja wangu wengi ni Wakristo wa Kisukuma. Ile hesabu ya moja na moja na moja wameshaisikia. Wahubiri wetu wa mihadhara, walioiga mtindo wa Ahmed Deedat, wanaisema kwa vipaza sauti tangu miaka ya 1980. Fundi wangu mmoja alinijibu, “Dada, sisi hatujumlishi.”

Na kweli hawajumlishi. Maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325 hawakusema miungu watatu, walisema Mwana ni wa asili moja na Baba. Thomas Aquinas, mwanachuoni wao mkubwa wa karne ya 13, alikiri kuwa akili peke yake haiwezi kuufikia Utatu, ila hauvunjani na akili.

Sasa shoga, hapo pana uzito. Jambo lililo juu ya akili hata sisi tunalo. Imam Malik alipoulizwa Mwenyezi Mungu amelingana vipi juu ya Arshi, alisema namna yake haijulikani. Lakini kutojua namna ni kitu kimoja, na kukubali maneno mawili yanayopingana ni kingine. Kwa hiyo mimi huuliza: Marko 13:32 inasema Mwana haijui saa ya mwisho, vipi awe Mungu ajuaye yote? Hujibu kuwa Yesu ana asili mbili, ya Mungu na ya mtu, kama walivyokubaliana Kalsedonia mwaka 451. Halijanitosha jibu hilo, tauhidi yangu iko pale pale. Ila ni jibu, si upumbavu wa kuchekwa sokoni.

Na huku kejeli haziishii mdomoni. Februari 2013, Buseresere, mkoa huu huu wa Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Suratul Ankabut, aya ya 46, imeshatuwekea adabu ya kujadiliana na Watu wa Kitabu. Isome kabla hujafunga sanduku.

Fundi wangu swali la Marko kalipeleka kwa padri wake. Tunasubiri Jumapili.