Kipande cha shingoni kisitupwe

Hapa Kilwa tumezoea kuona goita shingoni mwa wenzetu, sokoni na kanisani, hata hatushtuki tena. Na kweli goita nyingi si kansa. Nyingi zinaletwa na upungufu wa iyodi, kama ilivyoonekana kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, katika miaka ya 1960. Lakini chache ni kansa, na kansa hiyo inashika wanawake karibu mara tatu kuliko wanaume.

Kwa macho tu hatuwezi kuzitofautisha. Katika kikundi chetu tuko na mama aliyepasuliwa shingo. Nyama iliyotolewa ikatupwa. Leo hakuna anayeweza kumwambia ilikuwa nini.

Nyama hiyo ingepaswa kwenda labo. Kule wanaiweka ndani ya nta, wanaikata vipande vyembamba kuliko karatasi, wanaitia rangi na kuitazama kwa mikroskopi. Tangu mwaka 2011 kuna dawa ya rangi iliyotengenezwa Heidelberg, Ujerumani. Inashika protini moja tu, ile inayotoka kwa jeni ya BRAF iliyoharibika. Penye kosa hilo panageuka kahawia. Karibu nusu ya kansa za tezi za aina ya papilari ziko na kosa hilo. Kahawia ikionekana, munganga anajua ni kansa, na ikiwa imeenea anaweza kufikiria dawa zinazolenga kosa hilo. Isipoonekana, bado tusiseme hakuna kansa.

Tena tusikie vizuri: kosa hili la BRAF linaanzia ndani ya uvimbe wenyewe. Mama hakulirithi kwa wazazi, wala hawapi watoto wake. Basi mashemeji wasiseme ukoo wake ni mbaya. Iko aina nyingine, ya medula, ambayo ni ya nadra na mara nyingine inapita katika familia. Labo ndiyo inazitenganisha.

Rangi hiyo haipatikani kila mahali. Lakini kipande ndani ya nta kinakaa miaka mingi bila kuoza, na kinaweza kusafiri mpaka Lubumbashi na mbali zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kupasuliwa, tuulize mambo mawili: nyama itapelekwa labo gani, na nani atatunza kipande? Halafu karatasi ya majibu tuiweke nyumbani, pamoja na vyeti vya watoto.