Kabla ya Kupiga Hema Takawiri, Piga Hesabu



Kila likizo ya shule inapokaribia, nyumba nyingi za mjini huzuka mjadala ule ule. Watoto wanataka kutembezwa, mama anauliza pesa ziko wapi, na baba anajificha nyuma ya gazeti. Mwishowe mtu husema, "Basi twende tukapige kambi, hiyo ni rahisi." Je, ni rahisi kweli? Na ni rahisi kwa nani? Hebu tuliangalie jambo hili pamoja, na mfano wetu uwe kisiwa cha Takawiri.

Takawiri ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, Kaunti ya Homa Bay, upande wa Mbita na Mfangano. Kina ufuo wa mchanga mweupe ambao ungemfanya mtu wa Nairobi adhani amefika Diani. Wenyeji wake ni wavuvi, na omena huanikwa juani kama nafaka. Ni mahali pa kumfunza mtoto mengi kuhusu nchi yake kwa siku mbili tu.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba bei ya kambi si moja kwa watu wote. Si mbali na Mbita, katika Bonde la Lambwe, iko Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, iliyopewa hadhi hiyo mwaka wa 1983. Ndiyo makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa. Katika mbuga za taifa kama hiyo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, huwagawa watu kwa mafungu. Raia ana bei yake, mgeni kutoka ng'ambo hulipa zaidi, na bei yake huandikwa kwa dola. Mtoto hatozwi sawa na mtu mzima. Wanafunzi wanaokuja na shule yao nao huwa na nafuu, mradi mipango ifanywe mapema na barua ya shule iwepo. Basi usisahau kitambulisho nyumbani, kwani bila hicho huwezi kuthibitisha u fungu gani.

Tena, ada ya kulaza hema si ada ya kuingia mbugani. Hizo ni mbili, na gari nalo lina yake. Mwenye kutazama bei ya hema peke yake atashangaa langoni.

Wako wanaolalamika kwamba kumtoza mgeni zaidi ni ubaguzi. Mimi sioni hivyo. Mbuga hizi hutunzwa pia kwa kodi ya mwananchi, na wanaoishi kando yake ndio wanaoharibiwa mashamba na wanyama. Ingekuwa aibu mtoto wa Homa Bay amjue korongo kwa picha tu, ilhali mtoto wa London amemwona kwa macho.

Sasa turudi Takawiri. Kisiwa hiki si mbuga ya taifa, kwa hivyo hakuna lango la KWS lenye orodha ya bei. Unapatana na mwenye uwanja. Hapo ndipo wengi huumia, kwa kuwa huuliza swali moja tu: "Hema ni pesa ngapi?" Uliza zaidi. Bei hiyo ni ya hema au ya kila kichwa? Watoto wanahesabiwa? Ukija na hema lako unapunguziwa? Choo, maji ya kuoga, kuni na mlinzi wa usiku vimo? Uliza haya kwa simu kabla ya kufunga mizigo, si jioni ukiwa umeshafika na boti imekwisha ondoka.

Nayo boti ndiyo inayotenganisha wasafiri. Kutoka Nairobi hadi Homa Bay ni mwendo wa kilomita 400 hivi, halafu Mbita, kisha majini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mwenye boti anataka shilingi 4,000 kwenda na kurudi. Mtu na mkewe watatoa 2,000 kila mmoja. Wanafunzi wanane watatoa 500 kila mmoja. Ndiyo maana kundi la wanafunzi wenye sufuria moja kubwa na unga wao laweza kulala kisiwani kwa gharama ndogo, na msafiri wa peke yake, mwenye begi moja mgongoni, akajikuta ametumia zaidi ya kila mmoja wao. Familia iko katikati. Ikiungana na familia ya jirani, mzigo unapungua nusu.

Asiye na hema naye ajiulize: nitapiga kambi mara ngapi? Kama ni mara moja kwa mwaka, kukodisha kwaweza kuwa nafuu kuliko kununua. Kama ni kila likizo, kununua kuna faida. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Yako mambo ambayo hayafai kubaniwa pesa. Chandarua ni kimoja, maana malaria iko kando ya ziwa. Maji ya kunywa ni ya pili. Ya ziwani yachemshwe. Jaketi la kuokolea maisha ni la tatu, na kila mtoto awe na lake. Vuka asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujachafua ziwa. Na kabla watoto hawajaingia majini, waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko, na ujue kwamba kichocho kimo ziwani.

Mwisho, msomaji wangu, punguza kwingine, lakini samaki, kuni na mkono wa kubeba mizigo uvinunue pale pale kisiwani, bila kumkaba mtu kwa shilingi ishirini. Mgeni anayefika na kila kitu kutoka supamaketi ya mjini, akaacha takataka tu, hajamfaidi mwenyeji wake kwa lolote.

Kaeni chini jioni hii, wazazi na watoto, mkiwa na kalamu na karatasi. Mtoto atakayeandika mwenyewe nauli, boti, hema na unga ataelewa kwa nini safari ni Agosti na si Aprili, na ataanza kuweka akiba yake.