Nambari Isiyojieleza

Mwalimu mstaafu alitoka maabara akiwa ameikunja karatasi mara nne. Kwa miaka 30 alikuwa amewafunza wanafunzi wake kwamba neno halikamiliki maana mpaka lisomwe katika muktadha wake. Siku hiyo aliyasahau yote. Aliisoma nambari moja tu, 6.8, akaona kando yake pameandikwa kwamba kiwango cha kawaida hakizidi 4.0, na papo hapo akajihukumu kifo. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki kwa saratani ya tezi dume. Karatasi akaificha ndani ya kamusi, wala hakumwambia mkewe.

Mficha uchi hazai. Baada ya juma moja la kukosa usingizi alimwendea daktari, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Mwalimu, siku ulipopimwa, mkojo ulikuwa ukikuchoma?"

Ulikuwa ukimchoma. Ndipo alipofafanuliwa kwamba kipimo hicho kiitwacho PSA hakipimi saratani. Hupima protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au gonjwa, na huhesabiwa kwa nanogramu katika kila mililita ya damu. Tezi ikishikwa na maambukizi au ikitanuka kwa uzee, nambari hupanda. Hata kumwaga manii siku moja au mbili kabla ya kupimwa huweza kuipandisha kidogo.

Alitibiwa maambukizi, akasubiri majuma manane, akapimwa tena. Nambari ilikuwa 3.1. Mwalimu alicheka kwa sauti. Daktari hakucheka.

"Unatumia dawa gani nyingine, Mwalimu?"

Akaitaja finasteridi, kidonge alichoandikiwa kwingine miaka miwili nyuma kwa ajili ya kuamka mara kwa mara usiku kukojoa. Dawa hiyo, ikishatumiwa kwa miezi kadhaa, huishusha PSA kwa takriban nusu. Kwa hiyo 3.1 yake ilipaswa kusomwa kana kwamba ni zaidi ya 6. Nambari ya kwanza ilikuwa imetiwa chumvi na maambukizi. Ya pili ilikuwa imefichwa makali na kidonge.

Wala 4.0 si ukuta. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanaume waliokuwa na kiwango hicho au chini yake, takriban 15 katika kila 100 walikutwa na saratani tezi zao zilipochunguzwa. Kwa upande mwingine, wengi wa wale wenye kati ya 4 na 10, takriban watatu katika kila wanne, hukutwa hawana.

Mwalimu alipigwa picha kwa mashine ya sumaku, kisha vipande vidogo vya tezi yake vikatazamwa kwa hadubini. Ilikuwepo saratani, ndogo, ya aina inayokua polepole. Hakupasuliwa, iliamuliwa iwe ikifuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara.

Jioni hiyo aliitoa karatasi katika kamusi, akamwita mkewe na wanawe wawili wa kiume. Aliwaeleza kwamba mwanamume ambaye baba au ndugu yake ameugua huwa na hatari takriban maradufu.

"Mkifikisha miaka 45, wanangu, nendeni mkazungumze na daktari juu ya kupimwa," alisema. "Lakini karatasi msiisome peke yenu."