Wapo Wanne Humu Ndani

Nakuandikia wewe ambaye ukisikia mshahara umeingia unaogopa badala ya kufurahi. Wewe ambaye unajua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba hela hiyo si yako, na watoto wanakusubiri nayo. Nimekaa mahali hapo. Namshukuru Mungu, nimetoka. Lakini sitakudanganya: hadi leo namba nisiyoijua ikinipigia, naiacha iite kidogo kwanza, moyo unadunda, ndipo napokea.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Morogoro. Niliajiriwa mwaka 1993. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Tulikuwa na mkopo wa benki tuliojengea nyumba yetu Kihonda, na tulikuwa tunaulipa vizuri. Tulikuwa pia na mpango wetu wa siku nyingi. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akifika miaka 60, lakini akitimiza 55 anaruhusiwa kutoka kwa hiari. Tulikubaliana nitoke kwa hiari. Baba yangu mzazi alitumikia serikali hadi mwisho, akatoka akiwa amechoka sana, akafariki kabla hajakaa vizuri kwenye kiti chake barazani. Sikutaka wanangu wanizike hivyo. Mume wangu alikuwa akirudi safari tunakaa nje jioni, tunahesabu: imebaki miaka kadhaa, mkopo utakuwa umekwisha, tutafuga, tutakwenda Matombo kwao kuangalia karafuu zetu.

Masika ya mwaka 2016 alirudi usiku kutoka safari. Asubuhi alinyanyuka kwenda kunawa, akaanguka mlangoni. Upande wa kulia ulikuwa umelala. Mdomo umepinda. Macho yananiangalia, sauti haitoki.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitali ya mkoa, baadaye tukapewa rufaa ya Muhimbili. Bima ya afya, ile tuliyokuwa tunakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza 3, ilibeba kitanda na dawa nyingi. Nasema asante kwa hilo. Lakini ugonjwa wa mtu mzima una gharama ambazo hakuna bima inayoziona. Bajaji ya kumpeleka mazoezi ya viungo na kumrudisha. Nepi za watu wazima. Nauli za Dar. Mtu wa kukaa naye mimi nikiwa darasani. Mwenye lori alimlipa kwa muda mfupi, kisha akanyamaza. Mkataba wa maandishi haukuwepo.

Nilikwenda benki kuomba nyongeza ya mkopo. Kwa utaratibu wa utumishi, makato hayaruhusiwi kula zaidi ya theluthi mbili ya mshahara, lazima theluthi moja ibaki mkononi. Yangu yalikuwa yamefika ukingoni. Yule binti wa benki alinionea huruma, akanionyesha kwenye kompyuta, akasema, "Mwalimu, haiwezekani." Mtoto wa kati alikuwa na homa siku hiyo. Nyumbani hakukuwa na kitu.

Ndipo nikaingia kausha damu. Walimu wenzangu mnaijua. Unapewa laki tano, mwisho wa mwezi unarudisha laki sita na nusu. Ukishindwa unatoa riba tu, ile laki na nusu, na deni linabaki palepale mwezi unaofuata. Dhamana ni kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine. Anatoa chake, anakupa kilichobaki. Mwezi wa kwanza kilibaki kidogo. Wa pili kidogo zaidi. Ili tule, nikakopa kwa mwingine.

Nilifundisha hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima. Nasimama ubaoni nafundisha hesabu za riba kwa darasa la saba.

Novemba 2017 siwezi kuisimulia bila kunyamaza kidogo.

Walikuja watu wawili na kirikuu. Mchana. Mimi nilikuwa nimetoka shule mapema. Yule mkopeshaji wa pili, niliyekuwa nimemwahidi na sikuwa na cha kumpa, ndiye aliyewatuma. Walichukua luninga. Walichukua cherehani yangu. Kisha wakataka makochi. Mume wangu alikuwa kwenye godoro sebuleni, kwa sababu chumbani hakukuwa na hewa. Njia ya kupitishia kochi ilikuwa hapo alipolala. Kijana mmoja akainama, kwa adabu kabisa, akamwambia, "Samahani mzee, sogea kidogo."

Hakuweza kusogea. Hakuweza kujibu. Walilivuta godoro, yeye akiwa juu yake. Machozi yalikuwa yanatoka jicho moja tu.

Majirani walisimama nje. Hakuna aliyesema kitu.

Jioni hakukuwa na unga. Luku iliisha. Niliwapa watoto uji wa mwisho, bila sukari. Wakalala. Nikaenda jikoni. Nikakaa chini, gizani. Nilitaka kusali. Maneno hayakuja. Nilisema tu, "Bwana, wapo wanne humu ndani." Nilikuwa namaanisha mume wangu na watoto watatu. Mimi sikujihesabu. Nilimwomba asubuhi isifike. Nakuambia hili kwa sababu huenda na wewe umewahi kuliomba, au unaliomba sasa.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Binti yangu mkubwa aliingia, akakaa chini pembeni yangu. Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, nimempigia baba mdogo."

Nilitaka kumgombeza. Aibu yote niliyoificha, mtoto ameitoa. Nguvu ya kugomba haikuwepo. Namshukuru Mungu haikuwepo.

Shemeji yangu alifika siku iliyofuata kwa gari la kwanza kutoka Matombo, na mama mkwe, na mkungu wa ndizi, na mihogo. Tulipika kwanza. Tukala wote, mgonjwa akalishwa. Baada ya hapo shemeji akafunga mlango, akasema, "Shemeji, lete makaratasi yote." Hakuniuliza kwa nini. Mpaka leo hajawahi kuniuliza.

Karatasi nyeupe haikuwepo. Nikachukua lile daftari kubwa la jalada gumu nililokuwa naandikia maandalio ya somo, nikaligeuza, nikaanza kuandika kwa nyuma. Benki. Wa kwanza. Wa pili. Duka la dawa. Dereva wa bajaji. Nilipofika hapo nikaishiwa pumzi. Mama mkwe akanishika goti, akasema, "Mwanangu, taja yote. Hata la mangi." Nikaandika na la mangi: mchele, sabuni, mafuta ya kula. Ukiacha benki, ilikuwa milioni tatu na kitu. Nilikuwa nimelibeba deni lile muda wote bila kujua jumla yake, kwa kuogopa kujumlisha. Nilipoona namba, kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ina mwanzo na ina mwisho.

Walitusaidia. Shemeji aliuza karafuu za msimu. Kaka yangu wa Ifakara aliuza magunia ya mpunga aliyoyaweka kusubiri bei. Jumuiya yetu ndogondogo, ambayo nilikuwa nimeacha kuhudhuria kwa sababu sikuwa na sadaka, ilichanga bila kunitangaza. Mtendaji wa mtaa aliwaita wale wakopeshaji ofisini kwake, wakakubali kusimamisha riba, wakaandikisha kiasi, wakasaini mbele ya mashahidi.

Siku ya kuchukua kadi nilikwenda na shemeji. Yule mkopeshaji wa kwanza alitoa boksi la viatu chini ya meza. Lilikuwa limejaa kadi za benki, zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira, na kila kadi ina kipande cha karatasi kilichoandikwa jina. Mwl. Mwl. Nesi. Mwl. Baadhi ya majina nilikuwa nayafahamu. Tulikuwa tunasalimiana kila siku, na hakuna aliyejua habari ya mwenzake. Boksi lile naliona hata sasa nikifumba macho.

Daftari hatukulirudisha kwenye maandalio ya somo. Likawa la nyumba. Ukurasa wa kushoto pesa, ukurasa wa kulia habari za nyumbani. Wazo la ukurasa wa kulia lilikuwa la binti yangu. Alisema, kama tutaandika tu yaliyotoka, tutalichukia. Kwa hiyo kushoto utasoma: sembe kilo 5, 6,000, Luku 5,000, bajaji mazoezi 4,000, rambirambi 2,000. Na kulia, tarehe ileile: "Baba amesema maji." Mahali pengine: "Kuku wa bibi ameangua." "Mdogo wetu amefaulu hesabu." Kila Jumamosi, nikitoka jumuiya, tulikaa wote tukasoma kwa sauti. Mtoto wa mwisho alijua bei ya mkaa kabla hajajua kuendesha baiskeli. Mtu akitaka kitu, alisema hapo, na wote tulisikia kama kipo au hakipo. Ugomvi wa pesa ulipungua sana, maana hakukuwa tena na mtu mmoja anayejua na wengine wanaokisia.

Mume wangu mkono wa kulia haukurudi vizuri. Alijifunza kuandika kwa wa kushoto kwenye daftari lile. Safu ya dawa ikawa yake. Miezi ya kwanza herufi zilikuwa zinapanda na kushuka, hazisomeki. Sikuzifuta hata moja.

Mengine yalikwenda polepole. Nilijiunga na VICOBA vya akina mama wa mtaani, nikaanza na hisa moja kwa wiki. Mkopo wa benki ulikwisha mwaka 2020. Mwaka 2021, tulipopandishwa madaraja baada ya kusubiri kwa miaka, tulikubaliana Jumamosi moja kwamba nyongeza ile tujifanye haikuja. Ikawa inakwenda kununua vipande vya UTT AMIS kila mwezi, kabla haijaguswa.

Hofu ya kustaafu ilikuja na yake. Sisi walimu tulikuwa kwenye mfuko wa pensheni wa PSPF, na mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa PSSSF. Mwishoni mwa mwaka huo tukaambiwa kikokotoo kipya cha pensheni kitatoa mkupuo, yaani fedha za mara moja, wa asilimia 25 tu. Nililala vibaya tena. Rais Magufuli akakisimamisha mwezi Desemba. Julai 2022 kikaja kingine, cha asilimia 33, na katika bajeti ya Juni 2024 serikali ikatangaza kwamba sisi wa mifuko iliyokuwa ikitoa nusu zamani tutapanda hadi 40. Kila badiliko tuliliandika. Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu: wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyokuwa bora zidisha kwa miezi uliyotumikia, gawanya kwa 580, hiyo ni pensheni yako nzima ya mwaka. Fungu la mkupuo linatolewa humo na kuzidishwa kwa 12.5. Linalobaki unagawanya kwa 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi. Mwanangu wa kati ndiye aliyetupigia hesabu hiyo, na akarudia mbele ya baba yake.

Tulipopata hesabu ile ya mwezi, tukafanya jambo ambalo nakusihi ulifanye kama unafikiria kutoka mapema. Tuliishi kwa pensheni kabla sijastaafu. Mshahara ukiingia, tulitenga kiasi kile tu, kinachozidi hakionekani. Mwezi wa kwanza hakikutosha. Kulikuwa na msiba na michango ya harusi mbili. Tukapunguza. Tukaongeza mboga nyuma ya nyumba na kuku. Baada ya miezi kadhaa kikaanza kutosha, na mume wangu akaandika mwenyewe, kwa mkono wake wa kushoto, "Tunaweza."

Mwaka 2025 nilitimiza miaka 55. Nikaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu. Wenzangu waliniuliza kama naumwa. Nikawaambia namuuguza mume wangu tangu 2016 nikitoka kazini, sasa nataka nimuuguze nikiwa na nguvu. Anatembea kwa fimbo. Anaongea maneno machache, na yananitosha. Mkupuo ulipoingia, simu zilianza: viwanja, biashara za haraka, ndugu wa mbali. Nikawajibu wote kwamba Jumamosi tutaliweka mezani. Wengi hawakupiga tena.

Wewe ambaye kadi yako iko kwenye boksi la mtu, usingoje mwisho wa mwezi mwingine. Leo usiku chukua karatasi yoyote, andika kila deni, hata la mangi, ujumlishe. Mpigie mtu mmoja wa kwenu. Kama huna wa kumpigia, mwone mtendaji wa mtaa, au mwenyekiti wa jumuiya, au imamu wa msikiti wenu. Tangu mwaka 2018 tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Muulize yake mbele ya watu. Siku ya kuchukua kadi usiende peke yako. Andikianeni, shahidi asaini, kisha mpite benki siku hiyohiyo ukabadilishe namba ya siri kabla hujafika nyumbani.