Barua kutoka Oslo: Moshi unaotegwa

Shangazi,

Uliniuliza kama ni kweli huku tunaota moto wa takataka. Ni kweli. Jikoni kwangu kuna mfuko wa kijani wa mabaki ya chakula, mwingine wa plastiki, na wa tatu wa yaliyobaki. Huo wa mwisho huishia kwenye tanuri la Klemetsrud, na joto lake huchemsha maji yanayopita kwenye mabomba chini ya barabara hadi majumbani. Nepi za mtoto wa jirani ndizo zinazonipasha moto Januari!

Shida ni moshi. Klemetsrud ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha hewa ukaa mjini humu, na sasa wanataka kuinasa. Moshi uliopozwa hupandishwa ndani ya mnara, huku kimiminika chenye kemikali za jamii ya amini kikitiririka kutoka juu. Kemikali hushika hewa ukaa, hewa nyingine zinajiendea zake. Kisha kimiminika hupelekwa mnara wa pili, kinachemshwa hadi nyuzi joto kama 120, kinaachia kilichokamata, kinarudishwa kazini.

Kukamata si kazi. Kazi ni kuachia. Uchemshaji huo hula joto jingi, lile lile tunalolihitaji sisi wenye baridi. Tena takataka hazina tabia moja, leo mbao, kesho viatu, na moshi usipochujwa vizuri unaiharibu dawa hiyo ya amini.

Jaribio la 2019 lilinasa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2023 mradi ukasimamishwa kwa kuwa gharama zilipanda mno. Januari 2025 ukafufuliwa, lengo likiwa tani 350,000 za hewa ukaa kwa mwaka kuanzia 2029. Hewa hiyo itagandamizwa iwe kimiminika, isafirishwe kwa meli hadi Øygarden, karibu na Bergen, kisha ishindiliwe mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Wapo wanaocheka kwamba wachimba mafuta sasa wanazika moshi. Mimi sicheki, maana karibu nusu ya kaboni hiyo inatokana na chakula, karatasi na mbao, yaani ilikwishavutwa na mimea kutoka angani, na kuizika ni kuiondoa huko.

Ila taka zetu za Dar nyingi ni maganda na mabaki mabichi, hayawaki vizuri. Kule dampo la Pugu yanaoza na kutoa methani. Kwa hiyo diwani wako akirudi ziarani Ulaya na kuahidi mnara kama huu, muulize kwanza joto la kuchemshia hiyo dawa litatoka wapi.